Wenye Spea na Sisi Orijino

Katika ukoo wetu siku hizi, mtu mwenye viungo vyake vya kuzaliwa hana heshima. Ukiingia kwenye kikao cha familia na magoti uliyopewa na Mungu, macho yako mwenyewe na meno ya kutafunia mua, wewe ni kijana wa kazi tu, hata kama mvi zimeshakufika masikioni. Maturubai utafunga wewe. Jenereta utawasha wewe. Wenye spea wameketi kivulini wanalinganisha spea zao.

Nawaita wenye spea kwa sababu ndivyo wanavyojiita. Bibi ana lenzi ya plastiki ndani ya jicho. Baba Mkwe ana nyonga ya kuwekewa. Shangazi ana jino lililopandwa kwenye taya kwa skrubu ya titani. Mjomba ana chuma ndani ya paja, kwa hisani ya bodaboda. Baba Mdogo ana wavu tumboni. Mimi wananiita Orijino, na wakilitamka wanalitamka kwa huruma.

Sina ugomvi na madaktari. Kinachonichosha ni kelele za wagonjwa wao.

Mwili wa binadamu haupendi wageni. Kitu kigeni kikiingia, sekunde chache tu protini za damu zimeshakipaka. Kisha zinakuja seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza visivyohusika. Zikishindwa kukimeza zinaungana na kuwa seli kubwa, zinajaribu tena. Zikishindwa kabisa, mwili unakizungushia kile kitu ukuta wa kovu na kukitenga. Kikiwa na sumu au kikimong'onyoka ovyo, ugomvi hauishi, ni uvimbe na maumivu mpaka kitolewe. Kwa hiyo wanaotengeneza vifaa vya kuishi ndani ya mtu wanatafuta madini, plastiki au nyuzi ambazo mwili utazivumilia, na ikiwezekana uzizoee mpaka mfupa uote na kushikana nazo. Kifaa bora kuliko vyote ni kile ambacho mwili umekisahau.

Katika ukoo wetu miili imesahau vizuri sana. Midomo ndiyo haijasahau.

Nikaamua kusoma. Nilijua kwa umri siwashindi na kwa mikasi ya hospitali siwashindi, basi angalau niwe na la kusema. Nikajifunza historia ya kila kipande kilichomo ndani ya kila mkubwa wangu, nikasubiri kikao cha harusi ya mdogo wangu.

Nikaanza na Bibi. Lazima mjue kwamba Bibi alipokuwa na mtoto wa jicho, nyumba yangu ilikuwa safi. Alikuwa akija, anakaa, anasifu, anaondoka. Tangu atolewe ule ukungu na kuwekewa lenzi, ameona utando wa buibui darini, ameona ufa wa ukutani, ameona masizi ya sufuria. "Mume wangu," ananiambia, maana kwa Bibi mimi ni mume hadi leo, "hivi siku zote hizo ulikuwa unanilisha humu?"

Nikamweleza habari za Harold Ridley, daktari wa macho wa London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za kivita za Waingereza zilikuwa na kioo cha akriliki juu ya kichwa cha rubani. Risasi zikipiga, kioo kinapasuka, vipande vinaingia machoni. Ridley akaona jambo la ajabu, kwamba vipande vile vilikaa ndani ya jicho na jicho likatulia, halikufura. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas', akamwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Wakubwa wa fani yake wakamjia juu kwa miaka mingi. Kwao daktari wa macho alikuwa mtu wa kutoa vitu jichoni, si wa kuviingiza. Mzee Ridley alipewa cheo cha "Sir" mwaka 2000, akiwa ameshapita miaka 90, na wakati huo macho yake mwenyewe yalikuwa na lenzi hizo hizo.

Nilitegemea Bibi ashangae. Alinitazama kwa jicho lake la akriliki toka juu hadi chini.

"Wivu tu huo," akasema. "Halafu, mume wangu, hilo shati lina doa."

Baba Mkwe ni shauri jingine, na kwake nasema kwa adabu kwa sababu mahari bado sijamaliza. Alipowekewa nyonga alipewa kadi ya kuonyesha uwanja wa ndege, endapo mashine ya ukaguzi itapiga kelele. Baba Mkwe hapandi ndege. Anapanda daladala ya Mbagala. Kadi anamwonyesha konda, naye konda akiona Kiingereza na muhuri anamwinua mwanafunzi kwenye kiti.

"Shikamoo Baba," nikaanza. "Unajua nyonga yako ilianza na kushindwa?"

"Marahaba. Kushindwa kwa nani?"

Kwa John Charnley, Baba, daktari wa mifupa wa hospitali ya Wrightington huko Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza kikombe cha nyonga kwa Teflon, hiyo hiyo ya vikaango visivyogandisha mayai. Utelezi ulikuwepo, wagonjwa wakafurahi, wakatembea. Lakini Teflon ilikuwa inalika. Unga wake ukasambaa ndani ya nyonga, seli za kinga zikautangazia vita, na mfupa wa jirani ukaumia katika vita isiyouhusu. Wagonjwa wake walikuwa karibu 300, na kundi kubwa lao ikabidi wafunguliwe upya. Charnley akataka kuhakikisha mkosaji ni nani, akajidunga Teflon kwenye paja lake mwenyewe. Paja likavimba.

"Huyo ni mwanamume," akasema Baba Mkwe, akinitazama kama anayenilinganisha na mtu.

Nikaendelea. Mwaka 1962 mchuuzi mmoja akapita na plastiki nyingine, poliethilini ngumu iliyokuwa ikitengenezewa gia za mitambo ya kufuma nguo. Charnley akaitazama, akaidharau. Fundi wake, Harry Craven, hakubishana. Bosi alipokuwa safarini akaiweka kwenye mashine ya kupimia ulikaji, akaiacha isuguliwe usiku na mchana. Bosi aliporudi alikuta plastiki haijalika kiasi cha kutajwa. Mwaka huo huo ikaanza kuingizwa ndani ya watu: kichwa cha chuma cha milimita 22 tu, kikizunguka ndani ya kikombe cha poliethilini, vyote vikigandishwa kwenye mfupa kwa akriliki. Nyonga ya Baba Mkwe nayo imegandishwa hivyo.

"Akriliki," akasema taratibu. "Si ndiyo ya jicho la bibi yako?"

"Ndiyo Baba. Ni ya ukoo mmoja."

"Kwa hiyo mimi na bibi yako sasa ni ndugu?"

"Kwa upande wa plastiki, ndiyo Baba."

"Basi undugu umekuwa mara mbili. Mahari irekebishwe."

Kikao kizima kilicheka. Mimi nilikuwa natafuta pa kuweka uso. Nikajaribu kujiokoa kwa kumweleza kwamba Charnley aliwaomba wagonjwa wake wakubali nyonga zitolewe na kurudishwa kwake watakapokufa, ili aone zimelika kiasi gani.

"Mwambie alete hati," akasema.

"Alifariki 1982, Baba."

"Basi hana madai."

Na ubaya wake ni kwamba spea hizi zinadumu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba nyonga bandia kama 58 kati ya 100 hufikisha miaka 25. Fundi aliyenifungia shokapu za gari langu alinipa dhamana inayoishia getini kwake. Halafu mtu anakuja kuniambia niwaonee huruma wenye nyonga bandia.

Shangazi siku hizi anacheka kwa upande mmoja, upande wenye jino. Kwa bei ya jino lile ungepata pikipiki iliyotumika, na Shangazi hafichi. Anasema anatembea na pikipiki mdomoni. Nikamsogelea na habari za Per-Ingvar Brånemark wa Sweden. Mwaka 1952 alikuwa akichunguza damu inavyozunguka ndani ya mfupa, akamfungia sungura kifaa kidogo cha titani mguuni. Kazi ilipoisha akataka kukitoa ili akitumie tena, kwa sababu titani ni ghali. Kikagoma. Mfupa ulikuwa umeota na kushikamana nacho, kana kwamba kilizaliwa pale. Titani ikikutana na hewa hujivika yenyewe utando mwembamba mno wa oksidi, na utando huo ndio mfupa unaokutana nao na kuukubali. Mwaka 1965 Brånemark akampandia meno mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro za taya. Larsson aliishi nayo zaidi ya miaka 40. Alipofariki mwaka 2006 meno yalikuwa bado yanafanya kazi.

Shangazi alikuwa amesikia neno moja tu. "Sungura? Mwanangu, unanifananisha na sungura mbele za watu?"

"Hapana Shangazi. Nasema jino lako linaweza kudumu kuliko—"

"Kuliko mimi?"

Sebule ikanyamaza. Mke wangu alinitazama ile ya "ulianza vizuri". Shangazi akafikiri, akatabasamu kwa upande wa pikipiki. "Sawa. Basi hilo jino nimekuandikia wewe kwenye wosia." Shamba la Mkuranga ameshawaandikia wengine.

Mjomba hakuhitaji kuombwa. Haendi popote bila bahasha ya kaki yenye picha yake ya eksirei. Kwenye harusi anayo, kwenye arobaini anayo. Watu wakifumba macho kuombea chakula, yeye ameshaiinua dirishani kwenye mwanga. Na kwenye picha pale, ni kweli, upo msumari mrefu uliopita katikati ya mfupa wa paja, umefungwa kwa skrubu juu na chini.

Misumari ya aina hiyo hutolewa na shirika la Marekani liitwalo SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari wa mifupa Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington. Ilibuniwa kwa ajili ya hospitali ambazo hazina eksirei ya kuangalia papo hapo wakati wa upasuaji. Nje ya paja kunafungwa mkono wa chuma unaomwonyesha daktari matundu ya skrubu yalipo, asije akatoboa mfupa kwa kubahatisha. Hapa Tanzania imewainua majeruhi wengi wa barabarani. Madaktari hutuma kumbukumbu na picha za kila mgonjwa, nao wanaletewa misumari mingine badala ya iliyotumika.

Hapo nilifanya kosa la kumwambia Mjomba hilo la picha.

"Kwa hiyo mguu wangu umeshafika Marekani?"

"Picha yake, Mjomba."

"Mpwa wangu, mimi bado sijapewa hata pasipoti, mguu umeshafika Marekani bila viza!" Habari hiyo sasa inajulikana mpaka kwa muuza chipsi.

Watoto wangu walileta sumaku waliyoitoa kwenye spika mbovu, wakaipitisha juu ya paja la Mjomba. Haikunata. Mjomba akabadilika rangi. Akahisi amefungiwa feki. Ikabidi nimtulize. Chuma cha pua cha hospitali, chenye kromiamu, nikeli na molibdeni, kwa kawaida hakivutwi na sumaku. Kromiamu ndiyo inayokivika utando wa kuzuia kutu, na utando unahitajika sana, kwa sababu ndani ya mtu ni maji ya chumvi siku zote. Mimi nakaa Kigamboni, najua chumvi inavyofanya. Upepo wa bahari umekula geti langu mpaka mbuzi wa jirani wanapita bila kuinama. Paja la Mjomba halina hata doa la kutu.

"Kumbe ni orijino!" akashangilia Mjomba. Jina langu pekee katika ukoo, nalo limechukuliwa na msumari.

Na huo msumari, kwa maelezo yake, unatabiri mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa itangaze itakavyo, Mjomba akishika paja na kusema "inakuja," kikao kinaahirisha shughuli. Tulihamishia kipaimara cha mtoto wangu ndani ya sebule kwa sababu ya paja hilo. Wageni walibanana kwenye joto mpaka keki ikaanza kuyeyuka. Nje jua liliwaka mpaka jioni.

Nilikuwa nimebakiza Baba Mdogo, ambaye hapendi kuguswa jambo lake lakini hapendi zaidi kusahaulika. Alikuwa na ngiri. Wakamrudishia utumbo mahali pake na kumshonea wavu ili usitoke tena. Nyama huota kupitia matundu ya wavu na ukuta wa tumbo unakuwa imara. Nyavu za viwandani kwa kazi hiyo zina bei ya kukutoa ngiri nyingine. Ndipo wakatokea watafiti waliouliza swali la kimaskini na la maana: chandarua je? Huko Kamuli, mashariki mwa Uganda, wanaume karibu 300 walifanyiwa upasuaji, wengine kwa wavu wa bei kubwa, wengine kwa kitambaa cha chandarua kilichokatwa na kutakaswa hospitalini. Majibu yalichapishwa 2016 katika New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Nilitamani Baba Mdogo apungue majivuno akijua jambo lenyewe linaweza kufanywa kwa chandarua. Badala yake alisimama.

"Mmesikia?" akawaambia wote. "Ndiyo maana tangu nipasuliwe sijaugua malaria!"

Nikamweleza kwamba hata hicho cha Kamuli hakikuwa na kazi na mbu, kilikuwa kimeshonwa ndani ya tumbo, na kwamba sijui hata kama wake ni wa aina hiyo. Hakuna aliyesikia. Shangazi alikuwa ameshaanza kuuliza kama unaweza kushonewa bila kuwa na ngiri, kwa kinga tu.

Mtauliza: na wewe je, Orijino, hujawahi kuwekewa kitu? Niliwahi. Nilipasuliwa kidole tumbo, nikashonwa, nikajua angalau uzi utabaki wangu. Uzi wenyewe ulikuwa ule wa kuyeyuka. Zamani ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe, na mwili ukauyeyusha taratibu. Tangu miaka ya 1970 umeenea wa kiwandani wa asidi ya poliglikoli, ambao maji ya mwilini huukata vipande vipande, na baada ya wiki kadhaa haupo, wala hujui umeondoka saa ngapi. Nilipewa kifaa kimoja tu maishani mwangu, nacho kimebuniwa kunikimbia. Kidole tumbo chenyewe walibaki nacho. Katika ukoo mzima mimi ndiye pekee niliyetoka chumba cha upasuaji nikiwa pungufu ya nilivyoingia.

Ninaloomba si kubwa. Wanaotengeneza vifaa hivi wameweza kutuliza seli zilizokuwa tayari kupigana hadi mfupa uoze. Wamepata plastiki ya kukaa jichoni bila jicho kuteta, na titani ambayo taya inaikumbatia bila neno. Kazi ya miaka yote hiyo ilikuwa kutafuta ukimya, na waliupata. Sasa naomba mwenye maabara na bajeti atengeneze kitu cha namna hiyo cha kupachika kwenye ulimi wa mgonjwa wakati anaruhusiwa kwenda nyumbani. Kisiumize, kisiwe na sumu, kiyeyuke chenyewe baada ya mwaka.

Wiki iliyofuata kikao, goti langu la kushoto lilianza kulia nikipanda ngazi. Kwa kweli nilifurahi. Nikaliacha lilie mbele za watu. Nikapanda ngazi za jirani ambaye sina shida naye. Nikaenda kwa daktari nikiwa nimeshachagua, kama ataniuliza, kati ya titani na aloi ya kobalti na kromiamu. Akaliminya goti, akalikunja, akanipeleka eksirei, akaitazama picha, akanitazama mimi, akatazama tena picha, kisha tumbo langu.

"Goti lako ni zima kabisa," akasema. "Linalalamikia mzigo. Punguza kilo, tembea kila siku."

Nilimwomba anipe walau ile picha kwenye bahasha ya kaki. Akasema iko kwenye kompyuta.

Nyumbani mke wangu alishindwa kunitunzia siri hata hadi chakula cha usiku. Baba Mkwe akapiga simu mwenyewe. Alisema amesikia kuhusu goti, amesikitika, na kwamba yeye hutembea kila alfajiri kwa agizo la daktari wake, kwa hiyo tutatembea pamoja. Kesho saa kumi na moja atakuwa getini. Ameniomba nisimcheleweshe, maana kuna wagonjwa wengine wapya wa nyonga wanaomsubiri njiani, na amewaahidi kwamba anakuja na mkwe wake anayejua habari za Charnley kwa kichwa.